Msisimamishe Safari za Anga kwa Jina Letu

Kila mjadala unapozuka kuhusu kama binadamu aendelee kuchunguza anga za juu, hauchukui muda kabla sisi hatujaitwa kuwa mashahidi. Hatuitwi kwa majina yetu. Tunaitwa kwa hali zetu: watoto wenye njaa, wakimbizi wanaolala chini ya maturubai, vijiji ambavyo mama huamka usiku kwenda kutafuta maji. Hoja yenyewe inaeleweka upesi, nayo ni kwamba fedha inayoteketea katika injini za roketi ingejenga visima na hospitali, kwa hiyo roketi zingoje kwanza. Nimeisikia redioni, nimeisikia kanisani, na nimeisikia darasani kutoka kwa wanafunzi wangu wa sekondari hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Wengi wanaoitoa ni watu wa moyo mwema, na ndiyo maana napenda kuijibu kwa uangalifu, nikiwa mkazi wa mojawapo ya miji ambayo hutajwa kama ushahidi.

Hoja hiyo ina historia ya heshima. Julai 15, 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka kuelekea Mwezini, mchungaji Ralph Abernathy, aliyerithi uongozi wa shirika la Martin Luther King, alifika karibu na kituo cha kurushia roketi huko Florida akiongozana na familia maskini na nyumbu wa kukokota mikokoteni. Thomas Paine, mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakati huo, alitoka akaonana naye uwanjani, akamwambia kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe kesho yake kungeondoa umaskini, basi wasingekibonyeza. Mwaka uliofuata swali lilelile lilitoka karibu nasi zaidi, ng'ambo tu ya Katanga. Mtawa Mary Jucunda, aliyekuwa akihudumu Kabwe nchini Zambia, alimwandikia mwanasayansi Ernst Stuhlinger wa NASA akimwuliza anawezaje kupendekeza mabilioni ya dola kwa ajili ya safari za Mirihi wakati watoto wanakufa kwa njaa. Stuhlinger alimjibu Mei 6, 1970, kwa barua ndefu na ya upole, akaiambatanisha na picha ya Dunia iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 8 mwezi Desemba 1968. Mtawa yule aliona njaa kwa macho yake, na aliyeiona njaa kwa macho yake ana haki ya kuuliza.

Lakini sisi tunaouliza leo tuna jambo moja ambalo Abernathy na mtawa wa Kabwe hawakuwa nalo: tunajua kilichofuata. Katikati ya miaka ya 1960 NASA ilipewa zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali ya Marekani. Kisha fedha zikakatwa. Safari za Apollo 18, 19 na 20 zilifutwa, mwanaanga wa mwisho aliondoka Mwezini Desemba 1972, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 sehemu ya NASA ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 1. Siku hizi haifiki hata nusu ya asilimia 1. Kwa maneno mengine, jambo ambalo watu wanaomba lifanyike kwa ajili yetu lilishafanyika zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Kama fedha inayoondolewa angani ingekuwa na desturi ya kushuka Kabwe au Kivu, ingeshuka wakati ule, na wazazi wetu wangetusimulia.

Hapa kwetu sababu za njaa tunazijua kwa karibu. Watu waliolala kwa miaka katika kambi za Kanyaruchinya na Bulengo hawakufika huko kwa sababu dunia iliishiwa fedha. Walifukuzwa mashambani na risasi, na Januari 2025 risasi zikawafuata hadi ndani ya mji. Mkulima wa Masisi aliyeacha maharage yake yakioza shambani hakuibiwa na mtafiti wa sayari. Namwambia hivi kila mwanafunzi anayeleta hoja ya njaa darasani, na huwa sihitaji kurefusha maelezo, kwa sababu wengi wao wamezaliwa katika familia za wakulima hao.

Jambo ninalotaka kulisema kwa urefu ni lingine. Watu wa Goma hatuko nje ya habari za anga tukizitazama kama anasa ya wengine, kwa kuwa mji wetu umekaa juu ya ardhi ambayo haiwezi kusomwa vizuri bila jicho lililoko juu. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za hapa, imezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya lava, mawe ambayo wakati fulani yalikuwa moto unaotiririka kutoka volkano ya Nyiragongo. Januari 10, 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko ya mlima huo lilimwagika lote katika muda usiofika hata saa moja. Januari 17, 2002 lava ilikata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, Mei 22, 2021, jioni, mbingu ilipogeuka nyekundu na watu wakaanza kumiminika barabarani, wengine kuelekea mpaka wa Gisenyi, wengine kuelekea Sake.

Lazima niwe mkweli kuhusu siku hiyo. Setilaiti hazikutuonya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba ukuta wa mlima ulipasuka bila dalili za wazi za kutangulia, kwa kuwa magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, ilikuwa tayari iko juu, karibu na uso wa ardhi, haikuhitaji kupanda kutoka kina kirefu kwa namna ambayo vipimo huinasa mapema. Lava ilifika Buhene, kwenye ukingo wa mji, ikasimama. Watu zaidi ya 30 walifariki. Ninayataja haya kwa sababu anayetetea uchunguzi wa anga hana haki ya kuwaahidi watu kile ambacho chombo hakikutoa.

Setilaiti zilitusaidia katika siku zilizofuata. Lava ilikuwa imesimama lakini ardhi ilikataa kutulia. Matetemeko yalifuatana mchana na usiku, masahani yaligongana kabatini, sufuria zilihama mahali zilipowekwa, na nyufa zikaanza kupasua lami na kuta, nyingine pana kiasi cha mtu mzima kuingiza mkono. Hakuna aliyeweza kusema kwa kutazama tu kama mlima ulikuwa unamaliza au unaanza upya, na mahali pengine hapakuwa na hata kitu cha kutazama.

Kilichoweza kusema kilikuwa rada. Setilaiti za Sentinel-1 za Shirika la Anga la Ulaya hupita juu yetu katika kimo cha kilomita zipatazo 700, zikituma mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 5.5 hivi, ambayo hupenya mawingu na hayahitaji mchana. Zikirudi baada ya siku kadhaa mahali palepale, wataalamu hulinganisha mwangwi wa kwanza na wa pili, kama fundi uashi anavyorudisha uzi wake ukutani kuona tofali lipi limehama. Ardhi ikiwa imesogea kuelekea setilaiti au mbali nayo kwa sentimita 2.8, picha huonyesha mzunguko mmoja kamili wa rangi, kutoka nyekundu hadi buluu na kurudi nyekundu. Picha za Mei 2021 zilijaa mizunguko hiyo, ikiwa imebanana kutoka miguuni mwa mlima hadi mjini, na maana yake ilikuwa moja: magma ilikuwa imejipenyeza katika ufa mrefu chini ya ardhi kuelekea kusini, ikapita chini ya Goma na kuingia chini ya Ziwa Kivu, katika kina kisichofika hata kilomita moja.

Ziwa hilo limehifadhi chini yake gesi ya ukaa ya kilomita za ujazo zipatazo 300 na methani ya kilomita za ujazo zipatazo 60. Kila mwalimu wa jiografia wa hapa anajua habari za Ziwa Nyos nchini Kamerun, ambako mwaka 1986 gesi ya ukaa ilifumuka kutoka ziwani usiku na kuua watu wapatao 1,700, na Ziwa Kivu ni kubwa kuliko Nyos kwa kiasi kisicholinganishika. Alfajiri ya Mei 27 gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 ya mji ihame mara moja. Mamia ya maelfu ya watu walitoka.

Usiku ule tulilala Sake, katika darasa la shule ya msingi lililojaa hadi mlangoni. Mwenzangu mmoja alikuwa na chaji kidogo kwenye simu, na ndipo nilipoiona ile picha ya rada kwa mara ya kwanza, ikiwa imetumwa na kutumwa tena hadi rangi zake zikafifia. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya godoro lake lililokunjwa aliinama kuitazama.

"Mwalimu, hii picha inasema nini?"

"Inasema, papa, kwamba ardhi ya Goma imefunguka, na moto umepita chini yake mpaka ziwani."

"Nani ameshuka huko chini akaona?"

"Hakuna aliyeshuka. Wameona toka juu, mbali kuliko ndege."

Aliishika simu kwa muda, akaisogeza karibu na macho, kisha akauliza kama hao walioko juu wanaweza pia kuona kama nyumba yake ya mtaa wa Virunga bado imesimama. Nilimweleza kwamba rada hiyo haioni nyumba moja moja, inaona namna ardhi ilivyosogea. Alinirudishia simu akasema kwamba hata hilo si dogo, kwa sababu sisi tuliokuwa juu ya ardhi hiyo hatukuliona.

Lava haikutoka tena, na watu walianza kurudishwa mwanzoni mwa Juni. Wapo wanaosema hadi leo kwamba tulihamishwa bure. Najua familia zilizopotezana na watoto barabarani, najua walioibiwa mali zote mjini wakiwa wamekimbia, na malalamiko yao nayaheshimu. Hata hivyo, siwezi kukubali neno bure. Magma ilikuwa chini ya vitanda vyetu, ziwa la gesi lilikuwa mbele yetu, na waliofanya uamuzi walikuwa na ramani ya kilichofichika. Mwaka 1977 hakuna serikali yoyote duniani iliyokuwa na ramani ya namna hiyo.

Wakati huohuo, mradi uliokuwa ukigharamia uangalizi wa volkano yetu ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko Goma yenyewe haikuweza kupokea data za vipimo vya mlimani kwa kukosa ada ya intaneti. Juu yetu zilikuwa zikipita mashine za thamani ya mamia ya mamilioni, chini kulikosekana fedha ya kulipia laini. Anayetafuta pa kuweka hasira yake aiweke hapo, na ataona kwamba mashine zile hazina kosa kwa kupita, kwa kuwa picha zao hutolewa bure kwa yeyote mwenye uwezo wa kuzipakua.

Najua atakayenijibu, na jibu lake ni la haki. Atasema kwamba ninachotetea ni kuitazama Dunia kutoka juu, na kwamba hilo halina uhusiano na kwenda Zuhura, Mirihi au Mshtarii, kwa hiyo tubaki na setilaiti za manufaa na tuache udadisi wa sayari za mbali. Kwa muda mrefu hata mimi niliona mgawanyo huo ni wa busara. Kilichonitoa hapo ni kufuatilia chimbuko la ile mbinu ya kulinganisha mawimbi ya rada.

Ilianzia Zuhura. Sayari hiyo imefunikwa na mawingu mazito yasiyoruhusu darubini ya kawaida kuona uso wake, na katika miaka ya 1960 wanasayansi wa Marekani walikuwa wakiipiga kwa mawimbi ya rada kutoka hapa duniani. Tatizo lao lilikuwa kwamba mwangwi wa sehemu ya kaskazini ya sayari na ule wa sehemu ya kusini ulirudi pamoja, ukichanganyika, bila wao kujua upi ni wa wapi. Mwishoni mwa muongo huo watafiti wa Massachusetts walipokea mwangwi kwa antena mbili kwa wakati mmoja, wakalinganisha mawimbi, wakaweza kutenganisha pande hizo mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mbinu hiyohiyo ilipima vimo vya milima ya Mwezi. Baadaye tu ndipo ilipogeuzwa kuitazama Dunia yenyewe, na baada ya Ulaya kurusha setilaiti ya ERS-1 mwaka 1991, katikati ya muongo huo ilionyesha volkano ya Etna nchini Italia ikinywea baada ya kulipuka. Hakuna aliyekaa Massachusetts mwaka 1969 akiwaza Goma. Alikuwa akiwaza mawingu ya sayari nyingine, na kama mtu angemzuia kwa sababu Zuhura haimlishi mtoto yeyote wa Kivu, tungekuwa tumeikosa ramani ya Mei 2021.

Tena Zuhura si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Hapa Goma, katika mabonde madogo ya lava karibu na ziwa, kuna mahali tunapopaita mazuku, ambapo gesi ya ukaa hutoka ardhini na kukaa chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Mbuzi akishuka hapo asubuhi kukiwa hakuna upepo, harudi, na watoto hufundishwa mapema kutoinama mahali hapo. Angahewa ya Zuhura ni gesi hiyo kwa asilimia zipatazo 96, na joto la uso wake linafika nyuzi 460 na zaidi. James Hansen, mwanasayansi aliyelieleza Bunge la Seneti la Marekani mwaka 1988 kwamba Dunia inapata joto, alianza kazi yake kwa kuchunguza angahewa ya Zuhura. Na mwaka 2023 watafiti waliorudia picha za rada za chombo cha Magellan za mwaka 1991 walikuta kwamba tundu moja la volkano karibu na mlima Maat Mons lilikuwa limepanuka na kubadilika umbo katika muda wa miezi minane, ushahidi kwamba volkano za huko bado zinafanya kazi. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, hakuna aliyeuliza inatuhusu nini.

Hali ni hiyohiyo kwa Io, mwezi wa Mshtarii, ambako Machi 1979 Linda Morabito aligundua wingu la mlipuko katika picha ya chombo cha Voyager 1. Yako huko maziwa ya lava, na lile la Loki Patera lina upana wa kilomita zipatazo 200, wakati kasoko yote ya Nyiragongo ina kilomita 1 na kidogo. Maziwa ya lava yanayodumu kwa miaka duniani ni machache sana, yanahesabika kwa vidole, na kwa muda mrefu letu lilikuwa miongoni mwa makubwa zaidi. Mtu anayetaka kuelewa namna ziwa la lava linavyopumua, linavyopanda na kushuka, hana mifano ya kutosha hapa chini.

Kuhusu kupeleka watu wenyewe, na si mashine peke yake, msimamo wangu una mashaka zaidi, lakini haukatai. Desemba 1972 Harrison Schmitt, mwanajiolojia pekee aliyewahi kutembea Mwezini, alikuwa akipita kwenye ukingo wa kasoko iitwayo Shorty alipoona udongo wa rangi ya chungwa chini ya miguu yake, akasimama na kuuchota. Ulikuwa chembe za kioo zilizorushwa na chemchemi ya moto wa volkano zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita. Miaka 36 baadaye, vyombo vya maabara vilipokuwa vimeboreka, watafiti walikuta mabaki ya maji ndani ya chembe za namna hiyo zilizoletwa na Apollo 15 na Apollo 17, na fikra kwamba Mwezi ulikuwa mkavu kabisa tangu mwanzo ikabidi ifikiriwe upya. Jicho la mtu aliyezoea mawe liliona kwa sekunde chache kitu ambacho mashine za wakati ule zingeweza kukipita. Kwa hiyo waende, wachache, waliofundishwa, polepole. Safari za matajiri za kupanda dakika chache na kushuka sioni sababu ya kuzitetea, nazo nisihesabiwe miongoni mwa wanaozishangilia.

Kuna sababu moja ya kwenda Mirihi ambayo naikataa moja kwa moja, nayo ni ile ya kusema kwamba binadamu ajenge makao huko ili awe na pa kukimbilia Dunia ikiharibika. Mtu anayesema hivyo kwa wepesi, nadhani hajawahi kukimbia. Sisi tumekimbia. Tunajua kwamba kukimbia kunahitaji mahali penye maji, penye hewa, penye mtu wa kukufungulia mlango wa darasa ulale, na kwamba hata hapo bado unataka kurudi. Mirihi ina hewa ambayo mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya wa hapa, safari yake ni ya miezi sita hadi tisa, na mtu anayefika hapokewi na yeyote. Mwaka 2002 watu wa Goma walirudi mjini lava ikiwa bado ina joto, wakajenga juu yake. Ni vema Mirihi ichunguzwe kwa ajili ya kujua, na Dunia ilindwe kwa ajili ya kukaa.

Nchi yetu ina historia yake na anga, nayo haipendezi. Mwaka 1976 serikali ya Mobutu iliikodishia kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG eneo la kilomita za mraba 100,000 huko Shaba, jina la Katanga wakati ule, eneo linaloipita Kivu Kaskazini yote kwa ukubwa, pamoja na haki pana hadi mwaka 2000, ili irushe roketi zake. Ya kwanza iliruka Mei 1977. Ile ya Juni 1978, iliyorushwa mbele ya Mobutu mwenyewe, ilianguka, na mwaka 1979, baada ya shinikizo la mataifa mengine, mkataba ukavunjwa na kampuni ikahamia Libya. Desemba 1976, mwaka uleule, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa, ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizotia saini Azimio la Bogotá, zikidai kwamba ile njia ya setilaiti iliyoko kilomita karibu 36,000 juu ya Ikweta ni mali ya nchi ambazo Ikweta inapita. Ikweta inapita kati ya Lubero na Butembo, kwa hiyo dai hilo lilihusu anga ya mkoa wetu. Halikukubaliwa. Nikiyaweka matukio haya mawili pamoja naona kwamba tulitoa ardhi, tukadai anga, lakini katika yote mawili hatukudai elimu. Hakuna chuo kilichobaki Shaba baada ya OTRAG kuondoka.

India ilianza upande wa pili. Novemba 21, 1963, katika kijiji cha wavuvi cha Thumba, roketi ya kwanza ilirushwa kutoka eneo ambalo kanisa la zamani liligeuzwa kuwa ofisi, na vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli. Nchi ile wakati huo ilikuwa na njaa ya kweli, na Vikram Sarabhai, kiongozi wa mpango huo, aliulizwa maswali yaleyale ambayo sisi tunaulizwa. Agosti 23, 2023 chombo cha India, Chandrayaan-3, kilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, mahali ambapo hakuna taifa lililokuwa limefika, kwa gharama ya dola milioni 75 hivi. Julai 30, 2025 roketi ya India ikarusha NISAR, setilaiti ya rada iliyojengwa na India pamoja na Marekani. Moja ya rada zake hutumia mawimbi ya sentimita 24, yanayopenya majani ya miti vizuri zaidi kuliko yale ya Sentinel-1. Kwa miteremko ya Virunga iliyofunikwa na msitu, tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mahali ambapo picha za zamani zilitoa ukungu mtupu sasa panaweza kusomeka. Inarudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku 12, na data zake ni za bure.

Afrika nayo imeanza, kwa kuchelewa. Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa Cairo mwezi Aprili 2025. Sitalihukumu kabla halijafanya kazi, ila ningependa lisianze kwa kutafuta mahali pa kurushia roketi.

Mwaka huu wa shule nimeanza kuwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho picha za rada za Mei 2021, zilizochapishwa kwenye karatasi, wahesabu mizunguko ya rangi kutoka Kibati hadi ziwani na kuizidisha kwa sentimita 2.8. Wanagombana juu ya kila mstari, wanarudia hesabu, na wengine wanatafuta mtaa wao uko katika mzunguko gani. Kazi hiyohiyo ikifanywa kwa ukamilifu inahitaji kompyuta nzuri, umeme usiokatika, intaneti inayolipiwa kila mwezi na mtu aliyesoma hadi udaktari na kulipwa mshahara akiwa Goma. Wale wanaotutaja katika mijadala yao ya anga, wakitaka kutusaidia, waombe hivyo vinne viwekwe ndani ya bajeti ya kila setilaiti inayoutazama mlima wetu.